Chaneli Nne za Pimbi

Karibuni niwape uongo wangu mfupi. Pimbi alikuwa na wivu. Wi-Fi yake ilitumia chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi hewani, na ilimtosha, mpaka aliposikia kwamba jirani yake Nungunungu ameunganisha mbili zilizopakana na intaneti inakimbia.

"Mimi nitaunganisha nne," alisema.

"Bwana Pimbi, mbili kati ya hizo Korongo mtabiri wa hali ya hewa anazitumia kwa rada ya mvua," alisema Nungunungu. "Unaruhusiwa, lakini rada ikisikika kwenye moja tu, unaziachia zote nne."

"Unaogopa nitakupita, jirani."

Akaunganisha, akatamba wiki nzima. Simcheki, nami nilishanunua antena kwa sababu jirani anayo.

Jumamosi binti wa Pimbi aliolewa ng'ambo ya mto uliofurika, harusi ikaonyeshwa mtandaoni. Bibi harusi alipofunuliwa shela, mawingu yalitanda na Korongo akawasha rada. Kwa Pimbi chaneli zote nne zikaachiwa, picha ikakatika.

Alikimbilia kwa Nungunungu.

"Kaa, jirani, ndiyo kwanza anavishwa pete."

Pimbi alikaa, akalia kwa furaha, akajifuta macho. Kisha akasogea karibu.

"Televisheni hii," aliuliza, "ni inchi ngapi?"