Kocha Hatufai

Kiti cha kwanza kurushwa uwanjani siku ile kilirushwa na mwanamke, tena kwa kukusudia. Kilikuwa kiti cha plastiki. Kikaangukia matopeni, nyuma ya benchi la Nyuki wa Techiman, timu iliyokuwa imeshapigwa tatu bila nyumbani kwake yenyewe.

"Kocha aende zake!" Anti Araba alipaza sauti, na jukwaa zima likaitikia.

Huyu Anti Araba hakuwa mwenyeji. Alikuwa mchuuzi wa samaki wa moshi kutoka Sekondi, kule pwani, na alianza kuonekana Techiman mwanzoni mwa msimu. Analeta samaki wake sokoni, mechi ikifika anaacha meza na kukimbilia uwanjani. Mapenzi ya mpira hayana kabila, watu walisema, wakampa skafu. Ila chuki yake kwa Kocha Quansah ilikuwa ya peke yake. Hata wenyeji, ambao matusi wameyanyonya ziwani, kwake walisalimu amri.

Kocha mwenyewe hakugeuka kukitazama kiti. Alikuwa ameinama kando ya mstari, mkono mmoja gotini, mwingine ameuingiza ndani ya shati kifuani. Barima, fundi magari, akasema hayo maigizo tu, mzee anatafuta huruma.

Jioni walikutana kwenye kibanda cha mama lishe, cha fufu na supu, nyuma ya uwanja, lakini nani angekula? Barima alitaka aambiwe ni kocha gani anayepanga mabeki watano nyumbani kwake, kama mtu anayeogopa sebule yake mwenyewe. Wahab, mfungaji pekee waliye naye, anaota ukurutu benchini mpaka dakika za lala salama. Huo mpira au ugonjwa?

Aliyemtetea kocha alikuwa mmoja tu: Adomako, fundi cherehani, mwenyekiti wa tawi la mashabiki. Aliwakumbusha kwamba Quansah aliikuta timu mkiani, haina hata mipira ya mazoezi, akaivuta mpaka katikati ya jedwali. Makocha wangapi wamefukuzwa hapa kabla hawajaijua njia ya sokoni? Mpeni mtu muda. Wakamzomea. Mmoja akamuuliza kama siku hizi anakula kwa kocha.

Adomako alikasirika. Kwake yeye, huyu ndiye kocha wa kwanza aliyeipenda Nyuki kwa dhati. Juzi tu, redioni, aliulizwa kama atajiuzulu, akajibu kwamba kwa hiari yake hatoki, hata mbingu zishuke. Anayetaka atoke, amfukuze.

"Basi tumfukuze," alisema Anti Araba. Supu yake ilikuwa imepoa, hajaigusa. "Mpira anaujua, sikatai. Lakini timu hii haimfai."

"Sema hatufai, Anti," Barima akamrekebisha. "Yeye ndiye hatufai sisi."

"Nimesema nilichosema. Mtu huyu namjua kuliko nyinyi."

Wakaangua kicheko. Quansah naye ni mtu wa pwani, kwa hiyo wakaona hao wawili wanajuana kwao: kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne kamati ya timu ilikaa kuamua. Mashabiki walijazana nje ya ofisi, kila mmoja amejifunga kitambaa chekundu kichwani, kama wanavyofanya watu wakiandamana kwa hasira. Anti Araba hakujifunga kitambaa. Alikuja amejitanda vazi zima jekundu, lile la msibani, ambalo huvaliwa na wafiwa wa karibu peke yao. Waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Yako mambo hayachezewi, hata kwa ajili ya mpira.

"Anti, hilo si la maandamano," Adomako alimkemea. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu," alijibu. "Bado."

Barima akapiga mluzi, na vijana wakashangilia. Adomako akamwambia usoni kwamba ana roho mbaya, na kwamba iko siku Mungu atamuuliza. Anti Araba alianzisha wimbo wa kumkataa kocha, akauimba mpaka sauti ikamkauka, machozi yanamtiririka. Watu wakasema huyu mama ana uchungu na timu kuliko waliozaliwa hapa.

Mwishowe katibu akatoka mlangoni. Alisema kamati imesikia kilio cha mashabiki, na Kocha Quansah ameachishwa kazi kuanzia leo. Shangwe iliyopigwa hapo hata kombe lisingeipata. Adomako alivua skafu yake, akaitupa chini na kuikanyaga. Aliwaita wapumbavu, wote, hakubakiza mtu.

Quansah alitoka baadaye, begi mkononi. Alitembea polepole, akasimama kidogo kushika nguzo ya baraza. Walimzomea. Wengine wakamrushia maganda ya machungwa, mtu mzima, baba wa watu, naye hakunyanyua hata mkono kujikinga.

Hapo Anti Araba akaanza kupasua umati kwa viwiko, akimwendea. Adomako alimwahi, akamdaka mkono.

"Ulichokitaka umekipata," alimwambia kwa hasira. "Mwache mzee wa watu aende zake."

Akajichomoa. Alimfikia kocha, akampokonya begi. Umati ukatulia tuli kungoja kofi.

"Araba?" kocha alisema, sauti haitoki vizuri.

"Baba Efua, daktari alikukataza kazi hii kwa ajili ya moyo wako ukamcheka, mimi mkeo nikakupigia magoti ukanipita," alisema, huku akimfuta jasho usoni kwa kiganja. "Haya, hawa umewasikia. Panda gari twende nyumbani."