Kamba ya Chooni

"Magonjwa haya yako na aina," daktari wa macho alisema, akichora viduara vya ukoo kwenye karatasi. "Kuna ya kutoka kwa mama, kuna ya kutoka kwa baba. Nani mwingine haoni jioni?"

"Kwetu hakuna," mama mkwe akajibu upesi. "Hiyo imetoka kwao."

Wangechi alimpakata mwanawe. Tangu mtoto aanze kujigonga milangoni jioni, alikuwa amesikia maneno hayo sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa. Ati tumbo lake ndilo lililoleta giza.

Kisha akaikumbuka ile kamba ya katani.

Aliikuta alipoolewa, mwaka wa Uhuru, imefungwa kutoka mlango wa jikoni kwa mama mkwe hadi chooni. Akaanikia nguo, akinung'unika kwamba iko chini mno, usawa wa kiuno, na shuka zinaburuta tope. Ilikuwa imelainika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Nguo hazilainishi kamba hivyo. Mkono ndio hulainisha.

"Mama," alisema, "marehemu babu ya huyu mtoto alikuwa anaendaje choo jioni?"

Mama mkwe akaanza kufunga upya kitambaa chake cha kichwa.

"Andika upande wa baba," Wangechi akamwambia daktari. Kisha akamgeukia tena mama mkwe. "Na mwanao, Mama? Miaka sita unaniambia nishukuru Mungu, ati niko na bwana anafika nyumbani kabla jua lizame."