Rais Aliyenyeshewa

“Rudia tena, baba. Pale pa sakafuni. Polepole.”

Fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, akazima mashine, akavua miwani. Mama wa chama alikuwa amekuja tena karakanani na simu yake ya kurekodia, na manukato yanayogombana na moshi.

“Mke wangu alifia sakafuni,” Cheche akasema. “Vitanda vipya vya hospitali vilikuwepo. Vimefungiwa stoo, vinamngoja mkubwa aje kukata utepe. Mkubwa akachelewa. Mke wangu hakuweza kumngoja.”

Mama wa chama akafuta jicho. Chama kilikuwa kimeuliza watu nchi nzima wanataka rais wa namna gani, na majibu yamefanana. Mtu wa jasho, si wa kiyoyozi. Asiyeongea kama kitabu. Aliyezika. Asiyeogopa wakubwa.

“Aisifuye mvua imemnyea, baba. Watu wanataka aliyenyeshewa.”

“Basi mimi nimelowa mpaka kwenye uboho.”

Shemeji yake, kaka wa marehemu, alikuwa anapaka geti rangi. Akacheka. “Na huo mguu wa kuburuza, shemeji! Ukikagua gwaride askari watasinzia wamesimama.”

“Mguu usiguswe,” mama wa chama akadakia. “Watu wataupenda. Hebu tembea mpaka pale, baba, urudi.” Akainua simu.

Cheche akatembea. Shule aliiacha mapema, lakini ujinga hakuusomea. Alijua wakubwa hawashuki mtaani bure. Ila alishapiga hodi kwenye milango yao yote, akaambiwa njoo kesho mpaka kesho zikaisha. Leo wanampa kipaza sauti wenyewe.

“Hata wakinishusha jukwaani siku hiyo hiyo ya mkutano,” alimwambia shemeji, “nchi itakuwa imesikia dada yako alivyokufa, na nani alikaa na funguo.”

Kisha akamgeukia mama wa chama. “Na jina la huyo mkubwa nitalitaja. Mchana kweupe. Msije mkaniziba mdomo.”

“Hilo la jina tutalipanga, baba.”

“Halipangwi!”

Siku ya mkutano walimletea koti. Lilimbana mabegani. Shemeji akajaribu kumfunga vifungo, vikagoma, akaviacha.

“Waseme, shemeji,” alinong’ona. “Usiwabakizie hata mfupa.”

Uwanja ulikuwa umefurika. Cheche akaketishwa mstari wa mbele, mama wa chama ubavuni. Maneno alikuwa nayo yote. Mshereheshaji akanguruma:

“Mlisema mnataka mtu wa jasho! Mlisema mnataka aliyefiwa kama ninyi! Mlisema asiyeogopa wakubwa! Mgombea wenu huyu hapa!”

Cheche akasimama.

Mkono ukamkamata koti kwa nyuma. “Keti, baba,” mama wa chama akasema kwa upole. “Wewe ni mgeni wa heshima.”

Jukwaani alikuwa anapanda yule mkubwa wa utepe. Alipanda taratibu, anaburuza mguu. Akashika kipaza sauti, akameza mate.

“Ndugu zangu,” akasema, “mama yangu alifia sakafuni.”

Koti likabaki mkononi mwa mama wa chama. Cheche mwenyewe alishafika kwenye ngazi za jukwaa.