Aliyekuja Pamoja na Jua

Kila mtu mjini alijua kwamba aliyekosa arusi ya ndugu yake, ilhali anaishi mahali ambapo msafiri huweza kutoka asubuhi na kufika kabla jua halijatua, husonga ugali wa ukoo mzima. Aliye mbali zaidi husamehewa.

Zefania alikuwa amekosa arusi ya dada yake. Sasa alisimama uani na suti yake, akitamani asamehewe akaketi karibu na mama yake, ambaye hata salamu hakuwa ameiitikia.

“Shangazi, kutoka uwanja wa ndege wa kule mashariki hadi wa hapa ni kilomita elfu kumi. Ni saa kumi na mbili angani.”

“Pole sana, baba,” alisema Shangazi Tabitha, mwamuzi wa ukoo. “Uliondoka lini?”

“Leo asubuhi.”

Shangazi aliinua macho. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa.

“Leo hii?”

“Ndiyo, lakini saa za kule hutangulia za hapa! Ndege iliruka kuelekea magharibi, tukawa tunaandamana na jua.”

“Jua hilo hufika hapa kila siku. Wewe ulikuwa wapi?”

Wajomba waliangua kicheko. “Mpeni mwiko!”

Zefania alivua koti, akaanza kusonga huku jasho likimtiririka. Ndipo mama yake alipoinuka, akamfunga khanga kiunoni, kisha akamimina unga mwingine sufuriani.