Nguo ya Kiyoyozi

Kiyoyozi cha nyumba nzima kilinguruma tu bila kupoza, na wageni wa Bi Kidawa walijipepea kwa visahani. Mpishi wake, Mwanahawa, alikuwa ameshaambiwa aende zake, eti moshi wa maandazi yake ndio ulioiharibu mashine.

Fundi Hamdani alikagua vichujio, akaviona safi. Akatoka uani, wanawake wote wawili nyuma yake. Huko mashine ya nje ilikuwa imevikwa kitambaa kizito cha kudarizi, chenye marinda.

"Nani kaivisha?"

"Mimi, isiingie vumbi," Bi Kidawa akajibu kwa maringo. "Kwangu hata friji inavaa."

"Bibi, joto la ndani linatokea hapa. Umeiziba pumzi."

"Au maandazi yangu ndiyo yaliyoshona marinda?" Mwanahawa akauliza.

Hamdani akaivua, wakarudi ndani, na baada ya kitambo baridi ikaanza kuingia sebuleni.

"Haya, rudi jikoni," Bi Kidawa akasema, uso kaugeuzia ukutani.

Mwanahawa alimpandisha na kumshusha kwa macho. Kisha akapita katikati ya wageni, akaketi kwenye kochi ambalo kwa miaka tisa alikuwa akilifuta tu, akanyoosha miguu, akafumba macho, baridi ikimpiga shingoni.