Simu ya Jumatatu ya Kwanza

Karani alibisha hodi mara ya tatu, mguu mmoja tayari uko ndani. Kanuni za hospitali zilimkataza kumfuata mgonjwa nyumbani; kazi yake ilikuwa kupiga simu tu. Lakini mdogo wake ana miaka ishirini na sita, hajawahi kushika sigara, na wiki iliyopita picha ya mapafu yake ilitoka na habari mbaya. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliwapigia vijana wenye saratani ya mapafu na kuwauliza yaleyale. Unakula? Unapumua vipi? Nani anakutunza? Familia ikisema mtu wao amefariki, jalada hufungwa na namba ile haipigwi tena.

Kati ya vijana ishirini na watatu walibaki watano. Wa kumi na saba kwenye orodha aligunduliwa ugonjwa ukiwa umeshafika kwenye mifupa, kisha akahamia kliniki ya karibu na kwao. Huu ni mwaka wa nne, na bado anadunda! Lazima kuna siri.

"Mama, mimi ndiye yule wa simu."

Mama wa mgonjwa akamkumbatia papo hapo. Ndivyo alivyo hata kwenye simu: haimalizi mlio wa kwanza, ameshapokea.

"Kumbe mdogo hivi! Keti, mwanangu."

Hakuketi. Macho yalimtembea chumba kizima. Viatu vya kiume vimepigwa rangi vikang'aa. Koti limetundikwa kwenye msumari. Kikombe kimefunikwa kisahani.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

Siku zote ametoka kidogo: mara kwa kinyozi, mara dukani. Mgonjwa gani huyu asiyetulia nyumbani! Karani alimwonea wivu waziwazi. Mdogo wake ngazi tano tu zinamshinda.

Akafungua jalada alilokuja nalo.

"Mama, nakuomba. Anakula nini? Dawa gani? Ni mizizi? Ni maombi? Niambie chochote. Mdogo wangu anaumwa ugonjwa huohuo."

Tabasamu la mama likafifia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akaanza kukunja na kukunjua upindo wa kanga yake.

"Anakula vizuri," alisema, kama kila mwezi. "Analala vizuri."

"Na sasa ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minane."

Karani aliandika, kalamu ikasita. Akafunua ukurasa wa mwaka jana: ishirini na minane. Akafunua wa mwaka juzi, haraka, karatasi ikachanika pembeni. Ishirini na minane.

Mama alinyoosha mkono, akalifunga jalada polepole, kisha akalifungua tena kana kwamba kulifunga kumemuunguza.

"Nisamehe, mwanangu. Ningekwambia, nani mwingine angenipigia kumuulizia?"