Punje za Jumapili

Lavonne aling'ata punje moja ya mahindi ya bisi, akaisikiliza inavyovunjika, akaitema kiganjani. Bado kavu. Aliongeza matone ya maji kwenye chupa ya kioo, akafunga kifuniko, akaitikisa kwa mikono miwili.

"Ndogo nyeupe usiniwekee tena," alisema Verlyn, mumewe, kutoka mlangoni. "Ile mashine inazipeperusha kabla hazijapasuka. Jumapili iliyopita zilituishia chini ya meza."

"Mashine ya hewa inataka punje nzito za manjano. Unanifundisha mimi, bwana?"

"Na maganda yasiwe makali. Kuna mtu meno yake hayajakaa sawa."

"Kati ya wazee wa kanisa, nani meno yake yamekaa sawa?"

Verlyn alicheka, akatoka kwenda kulisha ng'ombe.

Tangu Februari, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Kanisa, alisema, limenunua mashine ya bisi inayotumia hewa moto. Nyumbani kwao kitu hicho hakikuwahi kuingia. Wao walikaanga kwenye sufuria, kwa mafuta ya nguruwe. Lakini Lavonne aliyajua mahindi. Basi kila Alhamisi alipukuchua magunzi, akachambua punje moja moja, akaziacha zinywe maji yake taratibu mpaka Jumapili. Alifanya hivyo kwa moyo mmoja. Mume akiheshimiwa kanisani, mke naye hupita kifua mbele.

Jumapili jioni huko Iowa, Marekani, hakuna anayepika. Ni bakuli la bisi, tufaha lililokatwa na kipande cha jibini, basi. Miaka thelathini na minne nyumba hiyo ilikula hivyo. Mwanzo walikuwa wawili, wakawa watatu, wakarudi kuwa wawili.

Wa tatu alikuwa Randy, mtoto wao wa pekee. Lavonne hakuwa amemwona tangu siku ya harusi yake, miaka tisa nyuma, alipomtamkia bibi harusi maneno ambayo hata leo hawezi kuyarudia. Alijuta kabla ya wiki kwisha. Aliandika barua tatu, Verlyn akazipeleka kwa mkono wake, akarudi ameinamisha kichwa.

"Anasema hana mama. Wanahamia mbali, Colorado. Tumwache, mke wangu."

Lavonne alilia hadi macho yakavimba, kisha akamshukuru Mungu kwamba walau huyu wa kumfuta machozi amebaki.

Mambo yaliharibika Oktoba, kwenye chumba cha chini ya kanisa, wakati wa kuosha vikombe vya kahawa.

"Punje zangu mnazionaje?" Lavonne alimuuliza Irma Kruse, rafiki yake, ambaye mumewe alikuwa katibu wa wazee.

"Punje zipi?"

"Za mashine ya bisi. Za vikao vya Jumapili."

Irma alimtazama. "Mwenzangu, kanisa hili limeshindwa kununua birika, litanunua mashine ya bisi? Na wazee hukutana Jumanne. Mara moja kwa mwezi."

Lavonne aliendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani.

Iliuma. Kuwa na mwanamke nje, hilo wanaume wengine wamelifanya, na wake zao wakaishi. Kilichomchoma zaidi ni ile chupa. Miezi minane amekuwa akimchambulia hawara mahindi, punje kwa punje, na kuhangaikia meno yake! Na Verlyn akila bisi za huko akashiba, akirudi anasukuma bakuli la mkewe pembeni. Mke mwingine wa Iowa angeshtuka tangu siku ya kwanza.

Alhamisi alichambua kama kawaida, tena kwa makini zaidi, maana hakutaka yule mwanamke aseme mahindi ya Lavonne hayapasuki.

Jumapili, pikapu ya Verlyn ilipoingia barabara kuu, gari la Irma, Lavonne akiwa ndani, lilikuwa nyuma yake. Walimfuata maili ishirini, hadi mji wa jirani, hadi nyumba ndogo ya bluu. Verlyn aliingia bila kubisha. Kibarazani palikuwa na buti za kike, na pembeni yake baiskeli ya mtoto.

"Irma," Lavonne alisema. "Amezaa naye."

"Twende zetu, Lavonne. Utamkabili nyumbani."

"Siendi. Leo atachagua mbele ya huyo malaya wake. Akibaki hapa, nguo zake atazikuta barabarani."

Alishuka. Alipofika kwenye ngazi alisikia mashine ikinguruma, kisha punje zikaanza kupasuka, zote, kwa pamoja, bila hata moja kugonga sakafu. Alizichagua vizuri mno, mjinga yeye. Ndani watu walicheka, na kicheko cha Verlyn kilikuwa juu ya vyote. Nyumbani hakuwa amecheka hivyo kwa miaka.

Aligonga kwa ngumi.

Alifungua mtoto wa kike wa miaka saba hivi, pengo mbele, siagi kidevuni. Nyuma yake, mezani, Verlyn alikuwa ameshika bakuli, na uso ulikuwa umempauka. Mtoto alimkagua Lavonne kuanzia viatu hadi nywele, kisha akageukia jikoni na kuita kwa sauti kubwa:

"Baba! Njoo uone! Mama yako wa kwenye picha amekuja! Si Babu husema kila siku kwamba tukimwalika anakataa?"